Jiwe Limebeba Nyumba, Kwa Nini Lishindwe na Probox?

"Ami, jiwe hili limebeba nyumba mji mzima, litashindwa na Probox?"

Swali hilo niliulizwa Jumamosi asubuhi, Kisauni, Mombasa, na kijana wa jirani aliyekuwa amelala chali, kichwa na kifua chini ya Toyota Probox, miguu juani. Alikuwa anataka kumwaga oili. Gari alilipandisha kwa ile jeki ndogo iliyokuja nalo kutoka Japani, kisha akasukumia jiwe la kujengea chini ya ukingo wa mlango, lile jiwe letu la matumbawe, akaona mambo yametengenea. Nikamwambia, "Toka kwanza mwanangu, tutabishana ukiwa wima." Akatoka kwa kuniheshimu tu. Hoja yake alikuwa hajaiacha.

Na hoja yenyewe ilikuwa na haki ya kujibiwa. Kumwambia mtu "ni hatari" hakumfundishi kitu, maana jiwe kweli limebeba nyumba, na yeye analiona kila siku.

Ukutani, jiwe la matumbawe hukalia saruji uso mzima, na la juu yake hulikalia vivyo hivyo. Uzito wa nyumba hutandazwa kama mchele kwenye sinia, halafu hushuka wima. Chini ya gari, kinachogusa jiwe ni ukingo wa bati wenye unene wa milimita chache. Gari la tani moja lenye injini mbele huweka kama kilo 300 kwenye kila gurudumu la mbele. Hiyo ni mifuko 6 ya saruji, yote imesimamishwa juu ya mstari mwembamba kama mgongo wa panga. Matumbawe nayo yana vitundu kila mahali, na ufa ukianzia kitundu kimoja hukimbilia cha pili. Mbao ikizidiwa hubonyea kwanza, inakwaruza, inakupa nafasi ya kutoka. Jiwe halitoi ilani. Dakika moja ni zima, dakika ya pili ni vipande. Bloki za saruji zenye uwazi katikati ni mbaya kupita hata hilo la matumbawe, hasa zikilazwa ubavu.

Tena nyumba haina magurudumu. Haisukumwi na mtu anayekaza nati kwa nguvu zake zote, haisogei akifunga mlango kwa kishindo. Gari limeundwa kutembea, na linapokuwa juu bado linataka kutembea. Hapo ndipo watu wengi hukosea: wanafikiria uzito peke yake.

Pwani hii tulikuwa na ujuzi wa jambo hili kabla gari la kwanza halijashuka bandarini. Jahazi likipwelewa, au likivutwa pwani kupigwa sifa, yaani kupakwa mafuta ya samaki, mafundi hulitia magadi, zile nguzo za mti zinazoegemezwa ubavuni kulishika lisilale upande. Aliyelivuta jahazi kwa kamba na roda hategemei kamba hiyo imshikie chombo huku yeye anakwangua chaza chini ya mkuku. Kamba huvuta, gadi hushika. Kwenye gari, kamba ni jeki na gadi ni stendi, ule mguu wa chuma unaowekwa chini ya gari lililoinuliwa.

Kwa nini jeki isishike? Tuanze na ile ya haidroliki, ya chupa au ya troli. Kanuni yake ni ya Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17: ukibana mafuta yaliyofungiwa, mbano huo hufika kila upande kwa nguvu ile ile. Pistoni ndogo ya sentimita mraba 1 ikibana mafuta yaliyo chini ya pistoni kubwa ya sentimita mraba 20, nguvu inatoka mara 20. Ongeza urefu wa mpini, na mtoto wa shule anainua Prado. Mwingereza Joseph Bramah aliigeuza kanuni hiyo kuwa mashine mwaka 1795, na kilichowasumbua yeye na mafundi wake ni kitu kinachotusumbua hadi leo, sili. Maji, ndiyo aliyotumia yeye, yalikuwa yanapenya ubavuni mwa pistoni. Sasa fikiria: ukiwa chini ya gari lililosimama juu ya jeki pekee, kinachokutenganisha na hizo kilo mia kadhaa ni kijipete cha mpira ambacho hujawahi kukiona, na huenda kimekaa miaka sita ndani ya buti yenye joto la Mombasa. Jeki iliyoandikwa tani 2 imeahidi kuinua tani 2. Haikuahidi kukaa nazo mpaka umalize kazi.

Hapa niseme kitu kuhusu mafuta ya breki. Jeki ikipungukiwa, wapo wanaoijaza mafuta ya breki kwa sababu nayo ni majimaji ya haidroliki. Usifanye. Sili za jeki zimetengenezwa kwa ajili ya mafuta yatokanayo na mafuta ghafi, na mafuta ya breki huzivimbisha na kuzilainisha mpaka ziharibike. Jeki itafanya kazi vizuri leo, ndiyo maana watu hawaamini.

Jeki ya mkasi, ile inayokuja na gari, haina mafuta. Hiyo hupanda kwa skrubu, na meno ya skrubu hayarudi nyuma yenyewe. Kwa hiyo haivuji. Shida yake ni kitako. Ni kidogo kama sahani ya kikombe, na miguu yake imeunganishwa kwa pini, kwa hiyo gari likisogea sentimita chache tu mbele au nyuma, jeki yote inalala. Ilitengenezwa kubadilishia tairi njiani, mtu akiwa ameinama pembeni. Basi.

Sasa tuje kwenye kusogea, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hata madereva wa miaka mingi hukosea. Kijana wangu aliniambia, "Lakini nimeweka P." Nikamuuliza, P inashika gurudumu gani? Kimya.

P, ile nafasi ya kuegeshea ya gari la otomatiki, ni kipande cha chuma kinachoingia kwenye meno ndani ya giaboksi na kuizuia isizunguke. Lakini kati ya giaboksi na magurudumu kuna difu, na kazi ya difu ni kuruhusu gurudumu la kulia na la kushoto yazunguke kwa mwendo tofauti, ili gari likate kona. Probox nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele. Ukiinua gurudumu moja la mbele, lile lililo hewani liko huru. Gari likitaka kuondoka, gurudumu lililo chini linazunguka kwenda mbele, la hewani linazunguka kinyumenyume, na giaboksi imetulia pale pale na P yake. Ukitaka kuamini, liinue la mbele moja, weka stendi, yawekee ya nyuma vizuizi, tia P, kisha inua na la pili. Zungusha moja kwa mkono utazame mwenzake anavyoenda kinyume. Kwa hiyo gurudumu moja la mbele likiwa juu, P imekufa. Ukiweka gia ya kwanza kwenye gari la gia za mkono, hadithi ni hiyo hiyo.

Kinachobaki ni handibreki, ambayo kwenye karibu magari yetu yote hushika magurudumu ya nyuma. Lakini Mombasa ni tambarare. Ukiacha mteremko wa kuingia ferini Likoni, dereva wa hapa anaweza kumaliza mwezi bila kuigusa, na waya wake unapata kutu ndani ya ala yake. Wengi hugundua kuwa handibreki haishiki siku wanayoihitaji.

Geuza upande. Ukiinua magurudumu yote mawili ya nyuma ya Probox hiyo, handibreki inashika magurudumu yanayoning'inia, yaani haishiki chochote, lakini P sasa ina kazi kwa sababu ya mbele yote yako chini. Na Hiace ya matatu, ambayo husukumwa na magurudumu ya nyuma? Ukiinua la nyuma moja, P imekwenda na handibreki inashika tairi moja. Ukitia jeki chini ya difu katikati na kuyainua yote mawili, kama tunavyoona magereji mengi wakifanya, umepoteza P na umepoteza handibreki kwa mpigo. Gari zima la tani karibu mbili limesimama juu ya matairi mawili ya mbele yasiyoshikwa na kitu, pamoja na jeki yenye magurudumu.

Ndiyo maana kabari hazina mbadala. Kabari huwekwa kwenye tairi linalobaki chini, mbele yake na nyuma yake, zikikaza kabisa bila mwanya. Kijiwe cha ukubwa wa ngumi hakitoshi, tairi hukipanda. Kata mbao ya inchi 4 kwa 4 mshazari, upate vipande vinne. Seremala yeyote atakufanyia, na pengine hatakutoza, ukimkuta na masalio. Gogo la mviringo, boriti kwa mfano, halifai. Litabingirika pamoja na tairi.

Kuna mchezo mmoja wa jeki ya troli ambao nadra kuusikia ukielezwa. Mkono wake hauendi juu wima. Umefungwa upande mmoja, kwa hiyo kichwa chake huchora upinde kinapopanda. Ili kichwa kibaki pale pale chini ya gari, jeki yenyewe lazima itembee kidogo kwa magurudumu yake. Tazama siku utakayoitumia kwenye sakafu laini: utaiona inajisogeza chini ya gari yenyewe. Ikizuiwa, kwa mfano gurudumu lake limeingia kwenye mfereji kati ya kabro mbili, yale matofali ya kutandika uani, au limezama mchangani, kichwa ndicho kitakachotembea. Kitateleza mpaka kitoke kwenye chuma. Unasikia "tak," unadhani ni gari linajipanga, unaendelea kupampu.

Basi ardhi. Kabro imelazwa juu ya mchanga, kila tofali linajitegemea. Mguu wa stendi ukikanyaga kona ya tofali moja, tofali hilo linaweza kuinama polepole wakati wewe unahangaika na nati iliyogoma. Weka plaiwudi nene, milimita 18 au zaidi, chini ya stendi nzima ili miguu yote igawane. Jeki ya troli nayo ipewe bodi yake, ndefu ya kutosha kutembea. Penye mchanga, kama viwanja vingi vya Kisauni na Bamburi, tumia mbao pana na nene, na usiwe na haraka. Lami inadanganya: saa 2 asubuhi ni ngumu, saa 8 mchana inalainika na mguu wa stendi unaacha alama ya mtu aliyekanyaga unga uliokandwa. Na kama hujui kiwanja kimelala upande gani, laza chupa ya soda. Ikibingirika yenyewe, tafuta mahali pengine.

Juu nako kuna lake. Gari halishikwi popote. Chini ya kila mlango kuna mshono wa bati, na karibu na magurudumu utaona mapengo mawili madogo yaliyokatwa. Katikati ya mapengo hayo bati limeongezewa nguvu. Kitabu cha gari kinaonyesha. Ndiyo, chako kimeandikwa Kijapani, lakini picha haina lugha. Kwa jeki ya troli mbele kuna krosimemba, ile boriti ya chuma inayobeba injini, na kwa magari ya kazi kuna chesi na ekseli. Usiweke kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, wala chini ya giaboksi. Bakuli hilo ni bati jembamba au alumini, litabonyea au kupasuka, na utanunua sampu kwa kutaka kuokoa pesa za kumwaga oili.

Shida yetu ya pwani ni kutu. Hewa ya chumvi inakula mshono huo kutoka ndani, na baadhi ya magari yalishaanza kuliwa kabla hayajapanda meli, kwa sababu sehemu za Japani zenye theluji kama Hokkaido hunyunyiziwa chumvi barabarani wakati wa baridi. Nje utaona rangi nyeusi nzito ya chini imepakwa vizuri, inang'aa. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya boga, na pengine vipande vinadondoka. Hapo usiweke jeki wala stendi, jeki itaingia ndani ya gari kama kidole kwenye papai. Tafuta sehemu nyingine iliyo nzima, au mpelekee fundi wa kuchomelea kwanza.

Stendi zenyewe ni za aina mbili kuu. Moja ina meno na kikwamizi, unainua mpaka inakwama. Nyingine ina matundu na pini nene inayopita katikati. Mimi ni mtu wa pini. Ya meno ni nyepesi kutumia, lakini kikwamizi kikikaa kwenye ncha ya jino badala ya kuingia ndani, kinaonekana kimeshika na hakijashika. Mwaka 2020 kampuni moja ya Marekani iliwaomba wateja warudishe stendi za meno za tani 3 na tani 6 kwa sababu hiyo hasa: meno yangeweza kuachia. Kwa hiyo ukinunua za meno, zipandishe, kisha zigonge chini kwa mkono kabla ya kuzikabidhi gari, na ukishalishusha juu yake tazama kikwamizi kwa macho. Soma pia maandishi. Wakati mwingine "tani 3" inamaanisha jozi, yaani kila moja tani 1 na nusu. Kwa Probox bado inatosha kwa ziada, kwa Prado fikiria tena.

Za kuchomelewa mtaani kutoka vipande vya bomba? Nimeziona nzuri na nimeziona ambazo hata kama kiti singezikalia. Tatizo ni kuwa kuchomelea kubaya kunaweza kufunikwa kwa rangi ya fedha, na huna njia ya kujua. Mimi siingii chini yake, fundi aniwie radhi.

Tulipokubaliana na kijana, tulianza upya. Tulipeleka gari kwenye sakafu ya saruji mbele ya duka la babake, tukatoa mtoto aliyekuwa amelala kiti cha nyuma (hakuna aliyemkumbuka!), tukakaza handibreki na kutia kabari magurudumu ya nyuma. Kama ungekuwa unatoa tairi, nati hulegezwa robo mzunguko gari likiwa bado chini, kwa sababu nguvu ya kuvunja nati iliyoshika kutu ndiyo inayoweza kuangusha gari lililo juu. Tukainua mbele kwa troli, katikati, kwenye krosimemba. Tukaweka stendi mbili kwenye mishono, urefu sawa, kisha tukalegeza jeki polepole mpaka uzito wote ukakaa juu ya stendi. Jeki hatukuitoa. Tuliirudisha juu ikagusa chuma tu bila kuinua, iwe mlinzi wa pili. Tairi la akiba tukalilaza chini ya ukingo wa mlango. Likitokea la kutokea, gari litaangukia tairi, na unene wa tairi unaweza kumwachia mtu nafasi.

Halafu tukalitikisa. Si kwa kidole. Simama pembeni, weka viganja juu ya boneti, sukuma kama unayelitoa matopeni, mbele, nyuma, ubavuni. Kama litaanguka, lianguke sasa. Kijana alicheka aliponiona nalisukuma gari ambalo tumehangaika kulipandisha, lakini baada ya hapo ndipo nilipomruhusu aingie. Na dada yake aliambiwa akae barazani na asiondoke. Mtu aliyebanwa kifua hawezi kuita. Kifua kisipopanda hakuna pumzi, na bila pumzi hakuna sauti. Nyumba inaweza kuwa na watu kumi ndani, wote wanasikia redio.

Oili ikatoka, filta ikabadilishwa, kazi ya dakika 20. Matayarisho yalikuwa yamechukua nusu saa, na hapo kijana akasema neno la maana kuliko yote ya siku hiyo: "Ami, kwa oili tu, hakuna njia fupi?"

Ipo. Kama hutoi tairi, huhitaji jeki kabisa. Kuna rampu, zile ngazi mbili za chuma au za mbao nene ambazo gari linazipanda kwa magurudumu ya mbele. Gari linabaki juu ya matairi yake, ya nyuma yako chini, kwa hiyo handibreki ina kazi na P ina kazi, na kabari zinamalizia. Hatari yake ni moja: gari linalovutwa na magurudumu ya mbele huweza kuisukuma rampu mbele badala ya kuipanda, hasa kwenye vigae au saruji iliyosuguliwa. Laza kipande cha mkeka wa mpira chini, kitokeze mbele ya tairi ili gari likikanyage kabla ya kupanda, na uwe na mtu wa kukuelekeza usipitilize ncha. Shimo la gereji pia ni zuri, mradi usisahau kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutulia humo chini. Kazi ya tangi au mipira ya petroli haifanywi shimoni, na sigara inabaki nje ya lango.

Wiki iliyofuata nilimkuta kwa seremala, ameshika karatasi yenye vipimo vya rampu, anabishana kuhusu bei ya mbao. Jiwe lake amelirudisha kwenye rundo la ukuta wa jirani.